Pima Kabla Hujafuta: Linux kwa Kompyuta za Zamani na Vishikwambi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha walipewa nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Pita kwenye maduka ya kompyuta za mtumba Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, uone hali ilivyo: kompyuta mpakato za kizazi cha tatu, cha nne na cha sita zimepangwa rafu kwa rafu, kibodi bado nzima, skrini haina doa, bawaba zimeshika, na Windows 11 haizitaki.

Mwenye mashine ya namna hiyo akienda kwa fundi huambiwa anunue nyingine, au apigiwe Windows 11 kwa kuruka masharti, na hapo anabaki na mfumo ambao Microsoft wenyewe hawajaahidi kuuhudumia kwenye mashine ile. Mimi nasema iko njia ya tatu, nayo ni Linux, na inaniuma kila ninapoona mashine ambayo ingefaa miaka mingine mitano ikipelekwa kwenye chuma chakavu. Ila tuelewane mapema. Linux haiongezi nguvu kwenye kompyuta. Inatumia vizuri zile zilizopo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzijua hizo zilizopo, kabla hujapakua chochote na kabla fundi hajaigusa diski yako.

Ukiwa bado ndani ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Hapo utasoma jina la prosesa, kiasi cha RAM, na kama mashine inawaka kwa UEFI au kwa BIOS ya zamani. Andika pembeni, kwa sababu utavihitaji. Jambo moja huwachanganya wengi: kukuta Windows ya biti 32 si ushahidi kwamba prosesa ni ya biti 32. Mafundi walizoea kupiga Windows ya biti 32 kwenye mashine zenye RAM ya GB 2, hata kama prosesa yake ni ya biti 64. Core 2 Duo ya mwaka 2006 tayari ni ya biti 64, na jamii nzima ya Core i3, i5 na i7 iliyofuata ni hivyo hivyo. Za biti 32 halisi ni zile kompyuta ndogo za Atom N270 za mwaka 2008, pamoja na Pentium nyingi za kabla ya hapo ambazo siku hizi ni nadra kuzikuta zikiwaka. Tafuta jina la prosesa yako intaneti, soma kwenye ukurasa wa mtengenezaji, na usikisie.

Kisha fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, uiache mashine itulie huku ukitazama mstari wa diski. Kama diski inakaa kwenye asilimia 100 wakati wewe hufanyi kitu, umeshajua ugonjwa uko wapi. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika inaweza kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kama mara mia hivi kwa sekunde. SSD, diski isiyo na kinachozunguka, hata ya bei ya chini kabisa, hufanya hivyo maelfu ya mara. Na kuwasha mfumo au kufungua kivinjari ni kusoma vifaili vidogo vidogo maelfu vilivyotawanyika diski nzima, ndiyo maana unabonyeza kitu halafu unasubiri huku ukisikia diski ikikwaruza. Fedha yako ya kwanza, kama iko, iende kwenye SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 120 au 240. Kuongeza RAM kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka ni kuongeza viti kwenye daladala ambayo injini yake imechoka.

RAM inafuata. GB 4 zinatosha kuanzia, GB 8 ni raha. Ukienda kununua, angalia volti. Mpakato nyingi za Intel za kizazi cha nne kwenda mbele zinazotumia DDR3 zinahitaji ile ya DDR3L ya volti 1.35, ukichomeka DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 mashine inaweza isiwake kabisa, na muuzaji atakuambia ubao umekufa. Kinyume chake hakina shida, kwa sababu DDR3L kwa kawaida hukubali kufanya kazi kwenye mashine za DDR3 za zamani. Kama uko dukani na huna hakika, chukua yenye maandishi PC3L.

Sasa swali ambalo watu hulipenda kuliko yote: Linux ipi? Naona muda mwingi unapotea hapa bure. Mashine yenye GB 4 za RAM na kuendelea, weka Linux Mint, toleo la Xfce. Mint 22 na matoleo madogo yanayoifuata yanahudumiwa hadi mwaka 2029, na mtu aliyetoka Windows huizoea haraka. Yenye GB 2, weka Lubuntu, au Debian yenye eneokazi la LXQt. Yenye GB 1, jaribu antiX, ambayo imetengenezwa mahususi kwa mashine za namna hiyo. Puppy Linux, aliyoianzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, inajipakia yote kwenye RAM na inaweza kuishi kwenye flashi tu bila kugusa diski, kwa hiyo ni dawa nzuri kwa mashine ambayo diski yake imekufa na hakuna pesa ya nyingine. Mengine mengi yanayotajwa ni ladha za watu.

Kwa wenye prosesa ya biti 32 nitasema wazi zaidi. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Kwa mashine hizo imebaki Debian 12, ambayo itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Juni 2028. Chrome iliziacha mashine za Linux za biti 32 tangu mwaka 2016, na Firefox nayo imeziacha katika matoleo yake ya kawaida kuanzia toleo la 145. Mashine kama hiyo inafaa kuandikia, kuhesabia, kusikilizia muziki na kufundishia watoto kibodi. Usimpe mtu aitumie kwa benki ya mtandaoni, na usimuuzie mtu ukimwambia ni kompyuta ya intaneti.

Hatua ambayo sitaki uiruke kwa namna yoyote ni ya kujaribu kutoka kwenye flashi. Linux karibu zote nilizozitaja zinaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuandika kitu kwenye diski. Unahitaji flashi ya GB 8, na ujue kwamba kila kilichomo kitafutwa. Pakua faili la ISO kutoka tovuti ya wenyewe, kisha uliandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama unavyonakili wimbo hakusaidii. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Kwa Acer mara nyingi inabidi kwanza uingie kwa F2 na kuiruhusu menyu ya F12. Mint, Debian na Ubuntu zinakubaliana na Secure Boot, ule ulinzi unaokagua mfumo wakati mashine inawaka. AntiX na Puppy mara nyingi zinataka uizime. Lakini kabla hujaizima, hakikisha una ufunguo wa BitLocker wa mashine hiyo kama diski yake imefungwa kwa BitLocker, la sivyo Windows itakudai tarakimu 48 ambazo huna.

Ikishawaka, usiishie kuifurahia picha ya ukutani. Keti na mashine hiyo kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Unganisha Wi-Fi. Cheza video, usikie sauti kwenye spika na kwenye visikizi. Punguza mwanga wa skrini kwa vitufe vyake. Funika mashine ilale, subiri kidogo, ifunue uone kama inaamka na kama Wi-Fi inarudi, maana mashine kadhaa za zamani hulala zisiamke. Chomeka projekta. Washa kamera. Chapisha ukurasa mmoja. Printa za HP nyingi huenda vizuri kwa programu ya HPLIP, lakini Canon LBP2900, ambayo imejaa kwenye vibanda vya steshenari, inatumia lugha ya CAPT na inasumbua sana kwenye Linux. Kama kazi yako inategemea printa hiyo, ni bora ulijue hilo leo. Kisha fungua dirisha la amri, andika free -h, tazama safu ya available. Fungua Firefox na tovuti unazozitumia kila siku, zote kwa pamoja, urudie amri ile. Kama kilichobaki ni MB mia moja na kitu, mashine hiyo inahitaji mfumo mwepesi zaidi au RAM zaidi, na umelijua hilo bila kufuta hata faili moja. Usikatishwe tamaa na uzito utakaouona wakati wa jaribio, kwa sababu flashi ni polepole. Ikishakaa kwenye SSD itakuwa kitu kingine.

Wi-Fi ikikataa, kisa cha kawaida ni kadi ya Broadcom. Hapo simu yako ya Android ni mkombozi. Iunganishe kwa waya wa USB, washa sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama kadi ya mtandao papo hapo. Kisha kwenye Mint fungua Driver Manager, ichague Broadcom, isubiri imalize, uwashe upya. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, kisakinishi cha Debian nacho kinakuja na faili nyingi za kadi za Wi-Fi ambazo zamani mtu alilazimika kuzitafuta mwenyewe, na hilo limepunguza kilio kikubwa.

Kabla ya kusakinisha, hamisha mali zako: picha, hati, ripoti za shule, vyeti vilivyoskaniwa, na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ziweke sehemu mbili tofauti, uzifungue huko ulikozipeleka uhakikishe zinafunguka. Jiulize pia ni programu zipi unazozitegemea ambazo hazimo kwenye Linux. QuickBooks ya kusakinishwa, Photoshop, Publisher na Access hazina toleo la Linux. Mhasibu anayeishi ndani ya QuickBooks asihame; abaki na Windows kwenye mashine inayokubalika, na hii ya zamani aifanyie kazi nyingine. Kwa barua, ripoti na majedwali, LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, ingawa hati yenye mapambo mengi inaweza kujipanga tofauti, kwa hiyo ukimpelekea mtu barua rasmi mpelekee PDF.

Menyu nyingi zitatokea kwa Kiingereza. Hili linaniudhi zaidi nikikumbuka kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Msingi uliwekwa zamani sana. Tafsiri za programu hizi zinapokelewa kutoka kwa mtu yeyote mwenye lugha na subira, na mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta kazi ya kujitolea hatakosa pa kuanzia.

Mfumo ukishakaa, mzigo mkubwa unaobaki ni kivinjari. Watu hubadilisha mfumo mara nne wakitafuta mwepesi zaidi, kumbe ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii unakula RAM kuliko eneokazi lote. Weka uBlock Origin kwenye Firefox, maana matangazo ni mzigo kwa prosesa na kwa bando pia. Kwa YouTube, mashine za zamani hazina sehemu ya kusaidia kufungua video za VP9 na AV1, basi prosesa inabeba kazi yote na feni inalia. Kiongezi cha h264ify huilazimisha YouTube itoe video za H.264, ambazo chipu nyingi za michoro za zamani zinazifahamu. Shusha ubora hadi 480p. Kwenye skrini ya inchi 14 utaona vizuri tu.

Kisha weka zram. Hii inatenga sehemu ya RAM na kuibana ndani yake data isiyotumika sana, ili mashine ya GB 2 isikimbilie diski kila inapobanwa. Kwenye Debian andika sudo apt install zram-tools, halafu ufungue faili /etc/default/zramswap uweke ALGO=zstd na PERCENT=50, ukiondoa alama ya reli mbele ya mistari hiyo. Washa upya. Amri ya swapon itakuonyesha /dev/zram0. Kwa mashine yenye RAM ndogo, sijui marekebisho mengine madogo yanayoleta nafuu kubwa kama haya.

Bando linastahili maneno yake. ISO ya Mint Xfce inakaribia GB 3. Ile ndogo ya Debian iko chini ya GB 1 lakini itapakua mengine wakati wa kusakinisha. Ipakue mara moja tu, uihifadhi, uwape na wenzako. Jihadhari na Flatpak: programu ya kwanza unayoiweka kwa njia hiyo huja na msingi wake wa mamia ya MB, kwa hiyo kwa mwenye bando dogo, vifurushi vya kawaida vya apt vinatosha. Kama una mashine kadhaa za toleo moja, sasisha moja kwa apt-get badala ya apt, kwa sababu apt hufuta vifurushi ilivyovipakua baada ya kuvisakinisha ilhali apt-get huviacha kwenye /var/cache/apt/archives. Nakili folda hiyo kwenye flashi, ibandike mahali pale pale kwenye mashine ya pili, kisha sasisha: itapakua vichache tu vilivyopungua. Shule yenye maabara isifanye hivyo kwa mkono. Iweke apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, nyingine zote zichote hapo, na kila kifurushi kitapita kwenye intaneti mara moja tu.

Umeme ukikatika katikati ya masasisho na betri ni mbovu, usisakinishe upya kwa hofu. Andika sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt-get -f install. Mara nyingi mambo hurudi sawa hapo hapo.

Vishikwambi ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Kompyuta ya mezani au mpakato ya Intel, hata ya kampuni usiyoijua, ina njia inayofanana na ya wenzake ya kuwasha mfumo. Kishikwambi hakina uhakika huo. Kabla hujafikiria lolote, jua chako ni cha ukoo gani.

Ukoo wa kwanza ni vile vilivyozaliwa na Windows, vyenye prosesa za Intel Atom: Asus Transformer T100TA na Dell Venue 8 Pro vya mwaka 2013, na msururu wa vile vya bei rahisi vya Atom Z3735F vilivyofuata. Vingi vina RAM ya GB 1 au 2 iliyogandishwa kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC ya GB 32 isiyobadilishika. Vina mtego mmoja maarufu: prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI yake ni ya biti 32. Unachomeka flashi iliyoandikwa vizuri kabisa na kishikwambi kinajifanya hakijaiona. Dawa ni kufungua flashi hiyo kwenye kompyuta na kuangalia folda ya EFI/BOOT. Kama humo hamna faili la bootia32.efi, kishikwambi hakitawaka nayo. Tafuta mfumo wenye faili hilo. Debian ilianza kuzishughulikia mashine hizi za mchanganyiko tangu toleo la 8 la mwaka 2015.

Kwa miaka kadhaa mashine hizi zilikuwa mateso kwenye Linux. Sauti haikutoka, Wi-Fi haikuonekana, mguso ulisoma kushoto ukigusa kulia. Sehemu kubwa ya marekebisho yaliyoingia kwenye kiini cha Linux ni jasho la Hans de Goede, aliyekuwa mhandisi wa Red Hat, akishughulikia kishikwambi kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba usitumie toleo la zamani kwa kudhani ni jepesi. Kwenye vishikwambi, kiini kipya ndicho kinachokijua kifaa chako.

Jiandae na vifaa. Kishikwambi hicho kina tundu moja dogo la USB, nawe unahitaji flashi, kibodi na kipanya kwa wakati mmoja, hivyo tafuta kigawanyio cha OTG, na uchaji kishikwambi kijae kabla, maana tundu hilo hilo ndilo la chaja. Menyu ya kwanza ikitokea imelala ubavu usishtuke: kioo chenyewe kilitengenezwa kusimama wima kama cha simu. Maandishi ya mwanzo ukiyataka yasimame, ongeza fbcon=rotate:1 kwenye mstari wa kuwashia kiini; namba 3 huyageuza upande wa pili. Kugeuka kwa picha unapokizungusha kifaa ni kazi ya kifurushi cha iio-sensor-proxy.

Eneokazi la kishikwambi ni swali tofauti na la mpakato. Xfce na LXQt ni vyepesi, lakini vilibuniwa kwa kipanya. Kidole kinakosa vitufe vyake vidogo, na kibodi ya kwenye skrini itabidi uiweke mwenyewe, kwa mfano Onboard. GNOME ni nzito zaidi lakini inafahamu kidole, na kibodi yake hujitokeza unapogusa sehemu ya kuandikia. Kwa GB 4 chagua GNOME bila kusita. Kwa GB 2 inabana, ingawa kwa zram na kivinjari chenye kurasa mbili tatu inavumilika. Kwa GB 1 usijaribu. Kifanye fremu ya picha au kisomeo cha vitabu. Na kama unatumia eneokazi la X11 na Firefox inachagua maandishi badala ya kusogeza ukurasa unapoburuta kidole, ongeza MOZ_USE_XINPUT2=1 kwenye /etc/environment, utoke, uingie tena.

Nikiulizwa kishikwambi kizuri cha kununua mtumba kwa ajili ya Linux, sitaji chochote cha Atom. Nataja ThinkPad X220 Tablet au X230 Tablet. Ni mpakato ambazo skrini yake hugeuka na kulala juu ya kibodi, zina kalamu ya Wacom ambayo Linux inaielewa kwa kina, SSD unaibadilisha kwa bisibisi moja, na RAM inaongezeka. Ni nzito mkononi, hilo kweli, lakini mwalimu anayetaka kuandika hesabu ubaoni kupitia projekta hatapata mashine inayofaa zaidi kwa bei ya mtumba. Microsoft Surface nazo zinawezekana kwa msaada wa kiini cha mradi wa linux-surface, ila betri zake zimegundishwa ndani, na Surface ya zamani yenye betri iliyovimba iache hapo hapo dukani.

Ukoo wa pili ni vishikwambi vya Android, ambavyo ndivyo vingi mikononi mwa watu. Hivi vina prosesa za ARM, na kila kimoja kina namna yake ya kuwaka; hakuna ISO moja ya kuvitosheleza vyote. Mradi wa postmarketOS, ulioanza mwaka 2017, una orodha ya vifaa vinavyokubali na unaeleza kwa kila kimoja kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Tafuta namba kamili ya modeli, ile iliyo nyuma ya kifaa au ndani ya mipangilio, si jina la dukani. Kama haimo kwenye orodha, usimkabidhi fundi akijaribie. Badala yake sakinisha Termux kutoka F-Droid, kisha kwa proot-distro uweke Debian ndani ya Android yenyewe, bila kufungua kufuli lolote na bila kuhatarisha kifaa. Ukiongeza Termux:X11 na kibodi ya Bluetooth unapata eneokazi la Xfce lenye LibreOffice juu ya kishikwambi kile kile. Kasi si kubwa, lakini mwanafunzi wa programu anajifunza Python na amri za Linux humo bila tatizo.

Ukoo wa tatu ni iPad. Kwa kazi hii, achana nayo.

Ipo mashine ambayo baada ya kupima yote haifai kumpa mtu aitumie kila siku: kioo kimepasuka, au kibodi imekufa nusu, au RAM haiongezeki. Hiyo ipe kazi ya kuhudumia wenzake. Weka Debian bila eneokazi, sakinisha kiwix-tools, pakua faili la ZIM la Wikipedia ya Kiswahili, na kama diski inaruhusu, la Kiingereza lisilo na picha, ambalo linachukua makumi ya GB. Andika kiwix-serve --port=8080 na jina la faili, na kila simu na kishikwambi kilichounganishwa kwenye ruta moja na mashine hiyo darasani kitasoma bila senti ya bando. Betri ikiwa bado inashika hata nusu saa, umeme ukiyumba mashine haizimiki. Kitu cha mwisho cha kurekebisha ni kifuniko: fungua /etc/systemd/logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore, washa upya, uifunike, uiweke juu ya kabati pasipo na vumbi na penye hewa.